Umba mhusika kwa mbinu za waigizaji: mwongozo kamili kwa meza za mchezo za Lubumbashi

Kwenye mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, mwambie mchezaji mpya aumbe mhusika, naye atakuandikia historia. Alizaliwa wapi, nani alimwua baba yake, kovu la shavuni alilipata vita gani. Kurasa tatu zinajaa. Kisha mchezo unaanza, msimamizi anamgeukia: "Mlango umefunguka. Unafanya nini?" Anaitazama karatasi yake na karatasi haina jibu, kwa sababu imeeleza yaliyokwisha kumpata mtu huyo na haikusema anatafuta nini usiku wa leo.

Waigizaji wa jukwaani wamepambana na tatizo hilo kwa zaidi ya karne moja, na wametuachia mbinu zinazohamia mezani bila gharama. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mhusika huanza na kitu anachokitaka kutoka kwa mtu mwingine aliyekaa pale pale mezani. Mwili, sauti, namba na historia vinakuja baadaye, kulitumikia hilo.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanne au watano wanakaa pamoja. Mmoja ni msimamizi, anaeleza dunia na kuwachezesha watu wote wa pembeni. Kila mmoja wa waliobaki anabeba mhusika wake. Dadu inaamua pale ambapo matokeo hayana uhakika. Dungeons & Dragons, mchezo uliofungua njia, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Ulitokana na michezo ya vita ya mezani, ndiyo maana karatasi yake mpaka leo ina namba sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Namba zinakuambia mtu anaweza nini. Hazikuambii anahangaikia nini.

Moscow na Lubumbashi

Mwalimu wa kwanza ni Konstantin Stanislavski (1863–1938), mmoja wa waanzilishi wawili wa jumba la maonyesho la sanaa la Moscow, mwaka 1898. Yeye ndiye aliyewafundisha waigizaji kuuliza: ningekuwa mimi ndani ya hali hii, ningefanya nini? Lakini mwigizaji wake alikuwa na maandishi mkononi. Alijua mchezo unaishaje. Mchezaji wa mezani hajui, na hata msimamizi wake hajui.

Kwa hiyo mwalimu wa pili tumtafute nyumbani. Wazee wa Lubumbashi wanalijua kundi la Mufwankolo, lililochezea jukwaani, redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili cha hapa hapa mjini. Halikufanya kazi kwa maneno yaliyoandikwa. Wazo lilikuja, watu wakalijadili na kubishana, wakagawana nafasi, kisha kila mtu akatafuta maneno yake mwenyewe huku mchezo ukiendelea. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatana nao wakati walipojenga mchezo mzima kutoka kwenye msemo mmoja, kwamba madaraka huliwa mazima. Ukiufuata utaratibu huo, uko karibu sana na meza ya mchezo: wazo, mjadala, mgawanyo wa watu, kisha maneno yanayozaliwa papo hapo. Tutachukua maswali ya Moscow na utaratibu wa Lubumbashi.

Mfano tutakaoubeba mpaka mwisho

Treni imetoka Lubumbashi kwenda Kamina. Imepita Likasi, imepita Tenke, na usiku huu imesimama katikati ya msitu, kabla ya Bukama. Hakuna anayejua itaondoka lini. Msimamizi ameshaandaa siri yake: kuna kitu kinatembea juu ya paa la mabehewa. Wachezaji wawili wanaumba wahusika. Mmoja anamtaka Kabedi, mjane anayekwenda Bukama kununua samaki wakavu. Mwingine anamtaka Ilunga, mzee mstaafu, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Kabedi.

Hatua ya kwanza: hali alizomo

Chukua nusu ukurasa, usizidishe. Andika kwa "mimi", usiandike kwa "yeye"; ukiandika "yeye" unamtazama kwa mbali, ukiandika "mimi" umeshaanza kumvaa. Jibu haya: mimi ni nani na watu wananiitaje? Niko wapi, ni saa ngapi, kuna baridi au joto? Kabla ya dakika hii nilikuwa nafanya nini? Nani aliye hapa ananihusu? Nina nini mikononi na mfukoni? Nikishindwa leo, kesho itakuwaje?

Swali la mwisho ndilo wengi wanaliruka, na ndilo linalotia joto. Kabedi anajibu: "Nikirudi Lubumbashi bila karatasi ya parsele, ndugu za mume wangu watauza nyumba ya Katuba, na mimi na watoto tutahamia kwa dada yangu ambaye tayari wamejaa." Hapo hatuhitaji habari za babu yake.

Hatua ya pili: anataka nini, kwa nani

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Lengo la mwigizaji ni kitenzi chenye mtu wa kukipokea. "Kabedi anataka haki" ni maneno ya hotuba. Hakuna mchezaji anayeweza kuicheza haki. "Kabedi anataka kulipiza kisasi" ni bora kidogo, ila bado haielezi afanye nini saa hii. Sasa angalia: "Kabedi anataka Ilunga ampe karatasi ya parsele kabla treni haijafika Bukama." Kuna mtu. Kuna kitu kinachoshikika. Kuna muda. Na muhimu kuliko vyote, Ilunga anaweza kukataa.

Tumia majaribio matatu kwa lengo lolote uliloandika. Je, mtu aliyekaa mezani anaweza kulikubali au kulikataa? Je, tutajua kwa macho limetimia lini? Je, mhusika anaweza kuanza kulitafuta ndani ya dakika tano za kwanza? Jibu moja likiwa hapana, andika upya.

Kisha mpe lengo na mwenzake. Ilunga asiwe ukuta tu wa kugongwa. Yeye anataka Kabedi atamke mbele ya abiria kwamba familia ya mume ilimtunza vizuri, kwa sababu Bukama wanamsubiri wazee wa ukoo na habari mbaya zimeshamtangulia. Sasa kila mmoja ana kitu anachokihitaji mwenzake. Hawawezi kutengana hata kitu cha juu ya paa kikianza kugonga, na msimamizi amepumzika nusu ya kazi yake.

Chini ya lengo la usiku huu weka lengo kubwa la maisha, sentensi moja tu. Stanislavski aliona malengo madogo yote ya mchezo yanapaswa kuelekea kwenye moja kubwa. La Kabedi: asiwe tena mtu wa kuhamishwa na wengine. Hilo usilitamke mezani. Litakusaidia utakapokwama, kwani utajiuliza ni kitendo kipi kinalikaribia.

Hatua ya tatu: njia zake za kupata anachotaka

Andika vitenzi vitano ambavyo mhusika wako huvitumia kwa watu: kubembeleza, kutumikia, kuaibisha, kununua, kutisha, kusifu, kunyamaza, kudanganya. Weka nyota kwenye kile anachokianza daima, na mstari chini ya kile ambacho hajawahi kukitumia maishani. Siku atakapokitumia hicho, meza nzima itaisikia.

Kabedi huanza kwa kutumikia:

"Jambo papa. Nilikuletea maji ya moto, baridi iko mingi."

"Weka pale, mwana."

"Papa, ile karatasi ya parsele, uko nayo mu sakoshi?"

"Mu treni batu banazungumuza ya karatasi?"

Kutumikia kumeshindwa. Mchezaji asiyejiandaa atarudia ombi lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Mwenye orodha anabadili kitenzi. Anasimama, anawageukia abiria: "Bamama, munisikie! Bwana yangu alikufa, na yaya yake anaficha karatasi ya nyumba ya batoto!" Lengo halijabadilika hata kidogo, njia imebadilika, na sasa Ilunga ana tatizo jipya kabisa kwa sababu kile anachokitaka yeye, jina jema mbele ya watu, kinaungua. Hamkuandika hata mstari mmoja wa mazungumzo hayo kabla.

Hatua ya nne: mwili, hata ukiwa umekaa

Wachezaji wengi hudhani mwili si kazi yao kwa kuwa wako kwenye kiti. Mwigizaji aliyekaa bado ana uti wa mgongo, mabega, mikono, macho na pumzi.

Michael Chekhov (1891–1955), mtoto wa ndugu yake mwandishi Anton Chekhov, aliwafundisha waigizaji kuwazia kitovu cha mtu: mahali mwilini ambapo mwendo wake wote unaanzia. Weka kitovu kifuani, unapata mtu anayetangulia. Kiweke kwenye paji la uso, unapata mtu anayechungulia mambo kabla ya kuyagusa. Kiweke magotini, mtu anakuwa mzito na mwoga wa kuinuka. Jaribu ukiwa nyumbani, tembea kutoka mlangoni hadi dirishani mara chache na kila kitovu, na uchague kile kinachokubadilishia pumzi bila wewe kulazimisha.

Mbinu yake nyingine ni ishara moja kubwa ya mwili mzima inayobeba hamu ya mhusika. Simama uani, fanya kwa nguvu zote: Kabedi anavuta kitu kizito kuelekea tumboni kwa mikono miwili. Rudia mpaka uihisi mgongoni. Kisha kaa mezani na usiifanye tena. Iache iendelee kwa ndani tu. Vidole vyake vitajikunja vyenyewe anapozungumza na shemeji yake.

Kwa mwendo na sauti, chukua kutoka kwa Rudolf Laban (1879–1958), mwalimu wa dansi na mwendo. Aliupima mwendo wa binadamu kwa mambo manne: uzito wake, kasi yake, kama unakwenda moja kwa moja au unazunguka, na kama umeachiwa au umebanwa. Kabedi ni mzito, wa polepole, wa moja kwa moja: anakandamiza. Ilunga ni mwepesi, wa haraka, wa kuzungukazunguka: anapangusa mambo kama anayefukuza inzi. Semeni wote wawili sentensi moja, "Treni itaondoka tu", kila mtu kwa mwendo wake. Utasikia watu wawili hata ukifumba macho, bila yeyote kubadili sauti kuwa ya katuni.

Mwisho wa hatua hii, chagua kitendo kidogo kimoja cha mkono chenye sababu. Ilunga hugusa zipu ya sakoshi kila anapodanganya. Msiwaambie wengine. Mchezaji mwenye macho ataligundua mwenyewe, na atafurahi kuliko kama dadu ingemwambia.

Hatua ya tano: nani yuko juu, nani yuko chini

Keith Johnstone (1933–2023), aliyefundisha uigizaji wa papo kwa papo London na baadaye Kanada, alisisitiza kwamba hadhi ni kitu unachokitenda. Cheo unaweza kuwa nacho na bado ukacheza chini. Mtumishi anaweza kucheza juu ya bwana wake, na watu wakashindwa kuondoa macho.

Sisi hatuhitaji kufundishwa sana hapo, tunaishi ndani yake. Angalia nani anatangulia kusalimia. Nani ananyanyuka mwingine akiingia. Nani anapokea kwa mikono miwili. Kabedi akisema "papa", amejishusha na kumpandisha Ilunga. Siku akimwita "Ilunga" tupu, behewa zima litanyamaza. Ilunga akisema "mwana" amemketisha chini, akisema "mama" amempa kiti. "Mukubwa" yaweza kuwa heshima ya kweli au ya kumlainisha mtu mwenye funguo. Dereva wa pikipiki akimwita abiria "boss" bado hajataja bei.

Kwa hiyo andika kwenye karatasi ya mhusika jedwali dogo: kila mhusika mwingine mezani, mimi namwitaje, yeye ananiitaje, na nani kati yetu anataka kubadilisha hilo. Kwangu mimi hili ni la thamani kuliko ukurasa mzima wa historia. Kisha panga hadhi ya kuanzia, kutoka 1 hadi 10, na chezeni tukio moja ambamo kila mtu anajaribu kuwa hatua moja tu juu au chini ya mwenzake. Moja tu. Ikizidi, mnaanza kuchekesha.

Namba na dadu

Sasa ndipo ujaze namba. Uzijaze kama tabia. Kabedi ana mvuto 8, ambayo kwa sheria za sasa za Dungeons & Dragons inampunguzia 1 kwenye kila dadu ya mvuto. Hiyo haimaanishi ana sura mbaya. Inamaanisha anasema jambo moja kwa moja mno, anabana watu, hajui kusifu. Ilunga ana nguvu 7, kwa hiyo husubiri wengine wanyanyue mizigo na kuita hilo heshima ya uzee. Dadu ya pande 20 ikikosekana, programu ya simu inatosha, au karatasi ndogo 20 zenye namba ndani ya kikombe.

Hisia: mpaka usiovukwa

Hapa naomba usome taratibu. Stanislavski katika miaka yake ya kati aliwataka waigizaji wakumbuke maumivu yao wenyewe ili walie jukwaani, na mwalimu wa uigizaji Lee Strasberg aliliendeleza hilo Marekani. Lakini mwigizaji wa Marekani Stella Adler alipoonana na Stanislavski Paris mwaka 1934, alirudi na habari tofauti: mzee alikuwa ameshaweka mkazo kwenye mawazo ya ubunifu na vitendo vya mwili. Fanya kitendo kwa ukweli, hisia itafuata ikitaka.

Shika njia hiyo ya pili. Katika mji wetu, mjane aliyefukuzwa kwenye nyumba si hadithi ya mbali. Huenda ni mama wa mtu aliyekaa kushoto kwako. Usichimbe msiba wako mwenyewe ili Kabedi alie. Mpe kazi ya mikono: ahesabu noti za falanga alizofunga kwenye pindo la kitenge, azihesabu tena, azifunge tena. Itatosha.

Kabla ya kuanza, kila mtu ataje mambo ambayo hataki yaonekane kabisa mezani, bila kuulizwa sababu. Weka katikati kadi yenye alama ya X, wazo lililoenezwa na John Stavropoulos. Anayeigusa, tukio linabadilishwa papo hapo, na hakuna maelezo yanayodaiwa. Msimamizi aiguse yeye wa kwanza, kwa mfano mdogo, ili wengine wasione haya.

Kusikiliza

Sanford Meisner (1905–1997), mwalimu wa uigizaji wa Marekani, alikuwa na zoezi rahisi. Wawili wanakaa uso kwa uso. Mmoja anasema anachokiona: "Umekunja uso." Mwenzake anarudia: "Nimekunja uso." Wanaendelea kurudia mpaka kitu kibadilike kwa mmoja wao, ndipo maneno nayo yabadilike. Lifanyeni dakika tano kabla ya mchezo. Mtaacha kupanga majibu huku mwingine bado anaongea.

Na kumbuka hakuna watazamaji. Mwigizaji hodari anayekula muda wa wenzake ni mzigo mezani, hata akiwa anapendeza namna gani. Ukiona mtu hajasema kitu kwa muda, mpelekee mhusika wako akiwa na ombi.

Jaribu kabla ya usiku wa kwanza

Mkalishe kila mchezaji kwenye kiti akiwa ndani ya mhusika, wengine wamuulize maswali kwa dakika kumi. Yasiwe ya historia tu. Muulize asubuhi alikula nini, nani hapa anamwogopa, bukari ya mwisho alikula na nani, angeuza nini kwanza akikosa falanga. Asipojua, abuni bila kusita, na jibu hilo linakuwa ukweli.

Kisha fanyeni kwa utaratibu wa Mufwankolo: chukueni methali mnayoijua wote, mjadili dakika chache inamgusa nani kati ya wahusika na kwa nini, mgawane nafasi, mcheze tukio fupi lililotokea mwezi mmoja kabla ya safari ya treni. Kwa Kabedi na Ilunga, siku ya kuondoa matanga inafaa. Nani alisema nini, nani alishika sakoshi. Mkimaliza, yale yaliyotokea ndiyo historia yao, mmeipata pamoja, na kila mmoja anaikumbuka kwa namna yake.

Baada ya kikao

Rudi kwenye karatasi usiku ule ule. Futa kila kitu ambacho hakikukusaidia kutenda. Andika nani anakudai na nani unamdai. Mpe msimamizi lengo lako lililobaki kwa sentensi moja, naye ajenge kikao kinachofuata kwa kugonganisha malengo mawili kati ya hayo. Kama Kabedi ameipata karatasi mapema mno, usimtafutie lengo jipya kwa haraka. Acha kwanza aisome. Jina lililoandikwa pale si lazima liwe la mume wake, na hilo msimamizi aliamue peke yake kabla ya kikao cha pili.